Mnyororo uliomezwa na mbuyu wa Misheni Bagamoyo: ulikuwa wa watumwa au wa punda?

#1 Kokoto la Dunda (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Jumamosi niliwapeleka wanangu wawili na mtoto wa jirani Bagamoyo, nimechoka kuwaona wameinamia simu. Tukaanzia Misheni. Wanaopajua wanaujua ule mbuyu mkubwa. Ukiusogelea utaona kipande cha mnyororo wa chuma kimetokeza kwenye gome, urefu kama rula ya shule, kimeshika kutu. Sehemu iliyobaki mti umeshaimeza. Gome limefumba juu yake kama mdomo wa mtoto aliyekataa dawa.

Mbele yetu walikuwepo Wazungu kama sita. Mwongozaji wao akawaambia mnyororo ule walifungiwa watumwa wakisubiri jahazi la Unguja. Mama mmoja alilia kabisa. Haikupita nusu saa, mwongozaji yule yule akaja na kundi la wanafunzi wa msingi, mti ule ule, akawaambia mnyororo ni wa punda. Watoto wakacheka. Mwanangu wa darasa la tano akaniuliza, tena kwa sauti, "Baba, sasa waliodanganywa ni wale au ni sisi?"

Nikawanunulia ubuyu. Sikuwa na jibu.

Wajuzi wa Bagamoyo, ukweli ni upi?

#2 Mvuvi Mstaafu
Natandika mkeka hapa. Huu uzi utafika mbali.

#3 BintiKaole
Ya punda ndiyo inayosimuliwa na Misheni wenyewe tangu nikiwa mdogo. Miaka ya 1890 alivuka kutoka Unguja mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, kule alikuwa anaendesha zahanati. Alikuwa na punda wake, akazungusha mnyororo kwenye mbuyu wa kumfungia. Punda akaenda zake anakojua yeye, mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa. Basi, hakuna filamu hapo.

#4 Konda wa Zamani
Hizo za punda zimetungwa ili watu wapate usingizi. Bagamoyo ilikuwa mji wa watumwa, hata jina linasema: bwaga moyo. Mtumwa akiiona bahari anajua huko hakuna kurudi, moyo anauacha huku huku bara. Sasa mnyororo ukiukuta kwenye mji kama huo unauliza wa nani?

#5 Ticha wa Nunge
Konda, twende na hesabu ya darasa la nne.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 wakitokea Unguja. Mbuyu ulipandwa na Padre Horner mwaka huo huo. Mwaka 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa na kuwasafirisha baharini kukawa marufuku. Toa 1868 kwenye 1873. Mitano. Mbuyu ulianza kama mchicha, sasa niambie nani anafunga msafara wa watumwa kwenye mchicha? Tena uani kwa mapadre, watu waliokuwa wananunua watoto sokoni Unguja ili wawaachie huru na kuwapa makazi hapo hapo Misheni.

#6 Konda wa Zamani
Ticha, marufuku ya karatasi ilizuia nini? Magendo yaliendelea, majahazi yakawa yanapakia usiku. Na utumwa wenyewe Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka 1922, Mjerumani ameshafungasha.

Halafu huo mwaka wa kupanda. Ulikuwepo? Mti mnene kiasi kile si wa juzi. Mimi naamini mapadre waliukuta umesimama.

#7 Kipepeo
Uzi wa mnyororo lakini humu ndani naona kamba tu 😂

#8 Bwana Miti
Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, nichangie kwenye mti, ya watumwa nawaachia.

Mbuyu unadanganya umri. Ukiwa kijana na maji yapo, unanenepa haraka ajabu, uzeeni ndiyo unapunguza mwendo. Unene peke yake haukupi miaka. Na ukiukata huzioni zile pete safi kama za mtiki, maana ndani ni nyuzinyuzi zilizoshiba maji, karibu na sifongo kuliko ubao. Wanaotaka umri wa kweli wanapima kaboni. Kwa hiyo mbuyu wa miaka mia na hamsini na ushei unaweza kabisa kuwa mnene vile. Konda hapo amenoa.

Suala la kumeza. Chuma kikikaa kimebana, gome linajeruhiwa. Mti unaotesha nyama mpya pembeni mwa jeraha, zinavimba kama midomo miwili, zikikutana zinafunga. Mbuyu kwa kazi hiyo ni fundi. Watu wanauchuna gome wasokote kamba, nao unaota gome jingine, wakati mti mwingine ungekauka umesimama. Hauhitaji karne kumeza mnyororo.

Ila mti utakuambia mnyororo uliingia. Haukuambii uliletwa na nani.

#9 Mama Zuhura
Anachosema Bwana Miti ninacho uani kwangu Kiromo. Marehemu baba watoto alifunga waya wa kuanikia nguo kwenye mwembe, mwanangu wa mwisho hajazaliwa. Leo waya unaingia upande huu unatokea upande ule kama sindano kwenye khanga. Mjukuu wangu anajua mwembe ndio ulioota waya. Nimemwacha hivyo hivyo.

#10 Konda wa Zamani
Sawa, kwenye unene nimeelewa, nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

#11 Nahodha wa Mlingotini
Mbona hakuna anayeuliza swali la chuma? Minyororo haifanani. Wa nanga una pete zake, wa punda una zake, na ile ya watumwa ilikuwa na pingu au kola za shingoni. Pale pale Misheni, kwenye makumbusho, zipo pingu zimewekwa. Mleta mada ulizitazama, ukarudi mtini ukalinganisha?

Mimi kwa macho yangu ya baharini naona ni mnyororo wa chombo tu, umeletwa kutoka ufukweni kwa matumizi ya nyumbani. Vya baharini vinaishia vijijini siku zote. Kwangu mlango wa banda la kuku umefungwa kwa kamba ya tanga.

#12 Kokoto la Dunda
Mkuu Nahodha, sikulinganisha. Picha nilimwachia mtoto apige, kapiga kidole chake.

#13 Shamba la Bibi
Nyie wote mnazunguka. Bibi yangu wa Kizaramo alisema mbuyu hauachwi wazi, una wenyewe. Watu walikuwa wanafunga kitambaa cheupe, wanaacha chetezo na sadaka chini. Mnyororo ule ni wa kumfunga mwenye mti asiwasumbue wageni waliokuja kujenga. Mapadre hawawezi kukuambia.

#14 Kipepeo
#13 mapadre wamfunge jini kwa mnyororo? Si wana maji ya baraka?

#15 Shamba la Bibi
Maji ya baraka yanakauka, chuma kinabaki. Uliza wakubwa.

#16 Mwana wa Mvita
Hamjambo wa huko. Hata huku Mombasa tunayo kama hayo. Kengeleni, kule Kisauni, jina limetoka kwenye kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachiwa huru, kilichoanzishwa na wamishenari wa Kiingereza 1875. Ukiwauliza watu, mmoja atakwambia ilikuwa kengele ya ibada, mwengine kengele ya kuwapa watu habari wafanya biashara ya watumwa wakionekana wakija. Nami nauliza, kwani kengele moja haiwezi kufanya kazi mbili?

#17 Ticha wa Nunge
Swali zuri hilo, Mwana wa Mvita.

Narudi kwa Konda kwenye jina, maana hapo kapita haraka. "Kubwaga" kwa Kiswahili ni kutua mzigo kwa kuuachia, pu! Wazee wengi wa hapa wanasema jina limetoka kwa wapagazi. Wanyamwezi wametembea miezi na pembe za ndovu begani, kutoka Tabora, wengine mbali zaidi, wakiiona bahari wanaambiana wabwage moyo, watulie, safari imekwisha. Ni furaha, si kilio.

Na bidhaa kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe. Kwa wingi wa watumwa waliopakiwa, Kilwa Kivinje ilituacha mbali sana. Sisemi hapa hawakupita. Walipita. Ila Kilwa haina mwongozaji wa kuwaliza Wazungu, sisi tunaye.

#18 Konda wa Zamani
Ticha, na hao wapagazi nao unadhani wote walikuwa na furaha? Kuna waliokuwa watumwa wamebebeshwa pembe hizo hizo. Mtu mmoja, mzigo mmoja, jina moja. Kila mmoja alibwaga cha kwake.

#19 Mvuvi Mstaafu
Hapo Konda kanigusa.

#20 Dogo wa Mapinga
Samahani, kwani Livingstone si kazikwa hapo hapo Misheni? Tulifundishwa.

#21 BintiKaole
Hapana mdogo wangu. Livingstone alifariki Mei 1873 Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Ulilala kwenye kanisa la Misheni Februari 24, 1874, kesho yake ukapelekwa Unguja, kisha Uingereza, akazikwa Westminster Abbey mwezi wa nne. Mnara wa kanisa lile la kwanza bado upo, ndiyo maana wanauita Mnara wa Livingstone. Moyo wake ulizikwa chini ya mti kule kule Chitambo.

#22 Kipepeo
Kwa hiyo aliyebwaga moyo kweli ni yeye, ila alibwaga Zambia.

#23 Ustadh Mwanamakuka
Assalaam alaykum. Nimesoma kuanzia juu nikisubiri mtu mmoja ataje upande wa pili wa mji, sijaona.

Mkitaka mtumwa wa Bagamoyo mwenye jina, yupo. Sheikh Ramiya. Jina lake Yahya bin Abdallah, alitolewa Manyema, Kongo ya leo, akiwa mtoto, akafikishwa hapa mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, watu wakimfuata kutoka bara yote hii. Alifariki 1931. Mpaka leo watu wanakuja kwenye zikri Bagamoyo kwa ajili ya njia aliyoiacha. Mtoto aliyeletwa na msafara akazikwa na umma nyuma yake.

Sasa mgeni anashuka kwenye gari, anapelekwa Misheni, anaonyeshwa mnyororo wenye utata, analia, anapanda gari. Mji huo huo, upande wa pili, kuna historia isiyo na utata hata kidogo, na hakuna anayemwambia. Hapo ndipo ninapoumia, si kwenye punda.

#24 Ticha wa Nunge
Ustadh, umetufunga goli. Hata mimi nimefundisha historia miaka yote na siku ya ziara huwa nawapeleka Misheni, Ngome Kongwe, Boma, Kaole, kisha nyumbani.

#25 Mwalimu wa Zamu
Kwa kuwa Ticha ametaja ziara, niteme langu. Mwaka juzi tuliwapeleka watoto, kosta mbili. Waliotupangia ratiba walitubana vituo sita kwa saa nne. Kwenye makumbusho watoto walipitishwa mbio, "usiguse, usisimame, songa". Nilipowapa insha wiki iliyofuata, karibu wote waliandika kuhusu mikoko.

Mikoko haikuwa hata kwenye ratiba. Tulikuwa Kaole tunamsubiri dereva, mzee mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya kaa akaona watoto wamezubaa, akawachukua. Akawaonyesha mkoko wenyewe, ule wenye miguu kama buibui, kisha mchu, mizizi yake inachomoza kwenye tope kama penseli elfu. Akawaambia penseli zile ndizo pua za mti. Akamwambia mtoto mmoja alambe jani la mchu kwa chini. Chumvi! Darasa zima likaanza kulamba majani kama mbuzi.

Halafu akawaeleza Kaole ilivyokufa. Zamani majahazi yalifika karibu na mji, tope likajaa, mikoko ikasogea, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo. Ndiyo maana ukisimama leo kwenye magofu ya ile misikiti na makaburi yenye nguzo huioni bandari. Mtoto aliyelamba jani haisahau hiyo.

#26 Bwana Miti
Mzee huyo apewe shahada. Chumvi ya jani la mchu ni kweli, mti unaitoa kwa kuisukuma nje ya jani. Naongeza kidogo: mikoko inafuata tope, si inalileta tu. Tope likija kwanza kutoka mtoni, mche unapata pa kusimama, ukisimama unanasa tope zaidi. Sasa nani alianza kuiua Kaole, tope au mikoko, hapo ni kuku na yai.

#27 BintiKaole
Na Wareno? Na mabadiliko ya biashara yenyewe? Kwetu Kaole kila mzee ana sababu yake. Hata jina tuna mbili: wengine wanasema limetoka kwenye "kaa uole", yaani kaa uone yatakayotokea, wengine wanasema hiyo imetungwa baadaye na watu wanaopenda kila jina liwe na hadithi.

#28 Kipepeo
Kaole si ndiko kuna mbuyu mwingine, ukiuzunguka unaongezewa maisha?

#29 BintiKaole
Ndiko. Wanasema una miaka mia tano.

#30 Konda wa Zamani
Nchi hii watu wamezunguka mbuyu sana na wote wanaishi vizuri 😂

#31 Mama Zuhura
Konda una maneno!

Mimi naomba nishauri. Makumbusho si lazima yawe ya mamlaka. Msikitini kwetu akina mama tuliweka meza siku ya Maulidi, kila mtu alete kitu cha bibi yake. Mbuzi ya kukunia nazi ambayo meno yameisha, chetezo, kinu, kanga ya zamani isiyo na jina, kibuyu cha tembo (alikileta mtu, hatukuuliza). Mimi nilipeleka rupia ya Mjerumani yenye tundu katikati, ya babu. Watoto walikaa pale kuliko walivyokaa makumbusho.

#32 Mvuvi Mstaafu
Mama, rupia ya Mjerumani haina tundu. Rupia ni ya fedha, ina kichwa cha Kaisari kavaa kofia ya tai. Yenye tundu ni heller, senti zake, mia moja kwa rupia. Huko ndiko tulikotoa neno hela.

#33 Mama Zuhura
Subiri nikaitazame.

#34 Mama Zuhura
Ni heller kumi. Ahsante, Mvuvi. Na mimi nimewaambia watu rupia miaka mitatu.

#35 Kipepeo
Kwa hiyo na wewe ni mwongozaji.

#36 Mti Mkavu
Nilikuwa nasoma tu. Mimi ni mwongozaji. SI YULE wa mleta mada, msinitafute.

Kazi yetu wengine haina mshahara, unakula kwa bahashishi. Mgeni anashuka akiwa na swali tayari: mti wa watumwa uko wapi? Hakuuliza mbuyu una nini, keshaambiwa hotelini. Ukimwambia ni punda wa mama Mfaransa, anatazama saa. Ukimwambia watumwa, anavua kofia. Nyumbani kuna watu wanasubiri unga. Wanafunzi wanakuja na mwalimu, mwalimu ana daftari, huko huwezi kucheza.

Mimi siku hizi nasema zote mbili. Nasema Misheni wanasimulia punda, mjini wanasimulia watumwa, ninyi mnaonaje? Wanaanza kubishana wenyewe, kama humu. Bahashishi haijapungua sana.

#37 Konda wa Zamani
Mkuu #36 umesema ukweli wako, heshima. Lakini ona, hata wewe unajua hela iko upande gani.

#38 Ticha wa Nunge
Na mimi nina swali kwako, Mti Mkavu. Umewahi kumpeleka mgeni kwa Sheikh Ramiya?

#39 Mti Mkavu
Hapana. Haijawahi kuulizwa.

#40 Ustadh Mwanamakuka
Itaulizwa. Njoo PM.

#41 Kokoto la Dunda
Wakuu nimesoma yote na mwanangu pembeni. Hukumu yake: punda, kwa sababu ya hesabu ya Ticha. Dogo la jirani linasema jini. Nimewaacha.

Nataka kurudi, safari hii bila haraka. Asubuhi Misheni, pingu za makumbusho kwanza kisha mti, kama alivyosema Nahodha. Ustadh akikubali tupite kwake. Jioni mikoko ya Kaole. Nani yupo?

#42 Nahodha wa Mlingotini
Geuza ratiba. Mikoko jioni ya bamvua utaogelea na viatu. Siku za mwezi mpevu maji yanakupwa asubuhi, saa nne hivi, saa kumi yameshajaa. Anza Kaole asubuhi, mbuyu haujazwi na maji.

#43 Mwalimu wa Zamu
Nipo. Naja na watoto wanane tu, hakuna kosta.

#44 Bwana Miti
Nipo, naleta futi kamba. Tupime kiuno cha mbuyu tuandike na tarehe.

#45 Nahodha wa Mlingotini
Na unene wa pete za mnyororo. Mimi nimeng'ang'ania chuma.

#46 Shamba la Bibi
Kabla hamjapima, mtu apige hodi.

#47 Mama Zuhura
Mimi naleta ubuyu na hela yangu. Heller, samahani.